UZI: Twisti za rasta za kusokota nyumbani, Kigoma. Uzito, shina na nywele za mbele

Wapendwa, salaam.

Kila likizo inapokaribia na kila Idi inapobisha hodi, maswali ni yale yale: ninunue rasta gani, pakiti ngapi, nianzeje, mbona zinateleza. Mtu anajibiwa kwa mistari miwili anaondoka na wasiwasi wake. Mimi ni mtu wa Ujiji, nimekua nikisukwa na kusuka wenzangu barazani, na kazi hii naipenda kwa moyo wote, hivyo leo naandika kwa urefu. Mwenye haraka aruke hadi kwenye habari ya shina, maana roho ya jambo iko hapo.

Twisti za rasta, yaani nywele zako zilizosokotwa pamoja na nywele za bandia, zinalinda nywele kwa sababu inayoeleweka. Ncha za nywele zako ndizo sehemu kongwe na dhaifu kuliko zote, na ukishasokota zinafichwa ndani ya rasta. Hazichanwi kila asubuhi, hazisuguani na kola ya nguo, upepo wa ziwani hauzikaushi. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, uwe umesuka au hujasuka, na rasta haiongezi kasi hiyo hata chembe. Inakusaidia tu kubaki na hiyo sentimita uliyoipata badala ya kuivunja.

Lakini rasta ina uzito, na uzito wote unaning'inia kwenye shina. Ukishika nywele chache ukazitundika rasta nyingi, hapo hakuna kinga tena. Za pembeni juu ya masikio na za mbele kwenye paji ndizo zinazoondoka kwanza, na zikivutwa miaka na miaka vishimo vya nywele vinageuka kovu na hazirudi. Madaktari waliandika habari ya upotevu wa nywele wa namna hii tangu mwaka 1907, walipouona kwa wanawake wa Greenland waliokuwa wakibana nywele kwa nguvu. Kwa hiyo tusizilaumu nywele zetu za kipilipili. Kinachong'oa ni kuvuta, na kuvuta kunazuilika.

Hilo ndilo ninalotaka tulishike katika uzi huu: uzito wa rasta ulingane na nywele zilizomo kwenye boksi, yaani kile kipande cha kichwa unachotenga kwa twisti moja. Likikosewa hilo, mafuta hayaokoi, skafu haiokoi.

KUHUSU RASTA

Rasta laini zinazong'aa hutoa zile twisti za Kisenegali, nyembamba, ndefu, zinazocheza. Zinapendeza sana, ila zinateleza, na mkono usiozoea unaishia kukaza kupita kiasi ili zisitoke. Rasta za kinki, ambazo wengi dukani mnaziomba kwa jina la Marley, ni kavu, zina mkunjo wake, na zinang'ang'ania kipilipili zenyewe. Anayejisokotea kwa mara ya kwanza nasema achukue kinki. Zinajaa upesi, hivyo kila boksi linahitaji kidogo, na hata mstari ukipinda hauonekani. Kwa kichwa cha mtu mzima, twisti za unene wa kati, pakiti 5 hadi 7 zinatosha.

Kabla ya kusuka, fungua pakiti upitishe vidole kwenye rasta. Vuta ncha kidogo kidogo ili nyuzi zisiishie mahali pamoja. Twisti ikifika chini inakuwa nyembamba yenyewe na haihitaji kukatwa. Kisha ziloweke kwenye beseni la maji ya vuguvugu lenye siki. Utaona ukungu mweupe unaelea juu. Wengi wanaojikuna usiku wa kwanza hadi wanashindwa kulala, chanzo ni huo ukungu. Suuza, anika kivulini, mambo yameisha.

KUHUSU MAJI YETU

Hapa naomba watu wa Kibirizi, Bangwe na Katonga mnisikilize, maana wengi tunaoshea kichwa maji ya ziwa. Maji ya Ziwa Tanganyika yana asili ya magadi, pH yake, yaani kipimo cha uchachu au magadi, iko karibu na 9. Ngozi ya kichwa inapenda uchachu, karibu na 5.5. Ukichukua maji hayo ukaongeza sabuni ya mche, ambayo nayo ni ya magadi, magamba madogo ya unywele yanainuka, nywele zinakuwa kavu na zinanasana. Ukizisokota hivyo, unasokota mafundo.

Dawa yake ni nyepesi. Osha kwa shampuu, paka kondishena, chambua kwa vidole na chanuo pana kuanzia ncha kupanda juu, halafu suuza mara ya mwisho kwa maji yenye siki, kijiko kikubwa 1 kwa lita 1 ya maji. Utasikia kwa vidole vyako nywele zikilainika pale pale.

Zikauke kabisa. Nywele mbichi zinavutika zaidi ya kawaida, zikikauka zinarudi na kujibana, na twisti uliyoiona legelege jioni inakuwa kamba kichwani asubuhi. Za kuzinyoosha, msikimbilie pasi ya nywele. Zifungeni kwa uzi mweusi mafungu mafungu kama bibi zetu walivyofanya, mlale nazo usiku mmoja, asubuhi zimenyooka bila moto wowote.

SHINA

Gawa kichwa mafungu manne, bana matatu, fanya kazi kwenye moja. Anzia nyuma chini. Boksi la sentimita 2 hadi 2.5 kila upande linatosha kubeba twisti ya unene wa kati. Pishanisha maboksi, la juu likae katikati ya mawili ya chini, ngozi haitaonekana kwa mistari.

Sasa mikono. Paka jeli au mafuta mazito kidogo sana kwenye boksi, ya kulaza tu vinywele vinavyosimama. Kunja kishungi cha rasta katikati. Shika nywele za boksi kwa gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, karibu kabisa na ngozi, usizinyanyue. Weka mkunjo wa rasta juu ya vidole hivyo, si juu ya ngozi. Gawa nywele zako mbili, kila sehemu ishike upande mmoja wa rasta. Unaweza kuanza kusokota hapo hapo, lakini mimi nashauri, kabla ya kuzigawa, usuke kwanza njia tatu za kawaida, pande mbili za rasta na nywele zako katikati, mapindo matatu au manne, ndipo ugawe na ugeuze kuwa twisti. Hayo mapindo ndiyo kufuli. Yanazuia rasta kuteleza bila ya wewe kukaza.

Wakati wote huo mkono uelekee kule twisti itakakolala. Nyuma inaelekea chini; unaposuka ya nyuma huku umeivutia juu, ikiachwa ianguke inavuta mizizi siku zote itakazokuwa kichwani.

Ukimaliza ya kwanza, simama. Angalia ngozi ya boksi. Ikiwa imeinuka au imekuwa nyeupe na kung'aa, umekaza. Ishike twisti katikati uizungushe taratibu pande zote, isipozunguka, umekaza. Ikiachwa huru ukahisi inalemea, punguza rasta. Usiendelee na ya pili mpaka ya kwanza imekaa sawa.

Mstari wa mbele una sheria zake. Vinywele laini vya ukingoni viacheni nje, havina nguvu ya kubeba chochote. Maboksi ya mbele yawe makubwa kidogo, rasta ziwe chache kuliko za nyuma. Na hapo nashauri uanze bila fundo: suka nywele zako mwenyewe mapindo mawili matatu, kisha ongeza rasta kidogo kidogo kadiri unavyoshuka. Kazi ni ndefu zaidi, lakini paji la uso utabaki nalo lilivyo.

KUSOKOTA

Mkitazama kamba ya kufungia mtumbwi pale Kibirizi mtaona siri yote. Kila uzi umesokotwa kuelekea upande mmoja, halafu nyuzi mbili zimezungushwa pamoja kuelekea upande wa pili. Pande hizo mbili zinashindana, na mashindano hayo ndiyo yanayozuia kamba isifumuke. Twisti ni hivyo hivyo. Sokota kila kishungi kuelekea kulia, kisha vipishanishe kuelekea kushoto, kulia kwa kishungi, kushoto kwa twisti, hadi mwisho. Anayevizungusha tu bila kusokota kila kimoja ndiye anayelalamika kwamba zimefunguka kabla wiki haijaisha.

Nguvu ya mkono iwe katikati na chini. Juu, sentimita mbili za kwanza, legeza.

Kwa mtu mmoja anayejisokotea, panga siku mbili. Usiku wa kwanza nyuma, kesho yake mbele. Mikono ikichoka inakaza bila kujijua.

Karibuni kwa maswali, na wenye uzoefu mwongeze.

—

Mdau wa Gungu:
Asante dada kwa somo. Ncha unazifungaje? Mimi nimezoea kiberiti, natia moto kidogo nabana kwa vidole. Mume wangu analalamika harufu.

Mwanzisha uzi:
Mdogo wangu, mume wako ana hoja, acha kiberiti. Rasta laini nyingi ni kanekalon, uzi wa kiwandani uliobuniwa na kampuni ya Kaneka ya Japani. Ni jamii ya plastiki, na ikiungua inatoa moshi wenye sumu, na wewe umeiweka usawa wa pua. Tena ncha ya kiberiti inabaki ngumu na kali, inakwaruza mgongo na shingo.

Maji ya moto yanatosha. Sokota hadi mwisho, zungusha ncha kwenye kidole ijikunje, chovya kwenye maji yaliyotoka kuchemka, hesabu pole pole hadi kumi, toa, kausha kwa taulo. Uzi unalainika, ukipoa unashika umbo. Kwa kinki, zungusha ncha kwenye kirola kidogo kwanza ndipo uchovye. Weka taulo nene mabegani, sufuria ikae chini mahali pasipo na watoto, na achovye mtu wa pili. Kujichovya mwenyewe za nyuma ni hatari. Na fanyeni uani kwenye hewa, msijifungie chumbani.

Na kwa kuwa umegusa habari ya moshi: mwezi Februari 2025 shirika la kutetea walaji la Marekani, Consumer Reports, lilitoa matokeo ya kupima rasta za aina 10 zinazouzwa kule. Zote zilikutwa na kemikali zinazohusishwa na saratani, na 9 kati yake zilikuwa na madini ya risasi. Siandiki hili kuwatisha. Naandika ili mjue kwa nini nasema loweka, suuza, usichome, na usisuke rasta mwaka mzima bila kupumzika. Na unapokula, nawa mikono kwanza kama ulikuwa unachambua rasta. Hasa wasusi, na hasa wenye mimba.

—

Msusi wa Mwanga:
Dada mkubwa nakuheshimu, lakini hili la kulegeza mnatuumiza sisi wa saluni. Mteja akitoka kwangu twisti zikalegea baada ya wiki, anarudi kugomba mbele ya wateja wengine na anataka arudishiwe hela. Wateja wenyewe wanasema "kaza, zidumu". Nifanyeje?

Mwanzisha uzi:
Ndugu yangu, nashukuru umesema hili wazi, maana ndilo kiini cha tatizo mjini kwetu. Mteja amelipa, anataka zikae mpaka mwezi upite. Nakuelewa kabisa.

Ila tuangalie zinateleza kwa sababu gani. Mara nyingi ni nywele zilizopakwa mafuta mengi kabla ya kusukwa. Au rasta laini juu ya nywele laini. Au boksi dogo lenye nywele chache mno kushika mkunjo. Au twisti imeanza moja kwa moja bila mapindo ya kufuli. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoponywa kwa kukaza. Ukikaza unaongeza siku chache, nywele za mbele ndizo zinazolipa.

Mimi nikimsuka mtu namwambia kabla sijaanza: "Ukisikia maumivu useme sasa hivi." Wengi wamefundishwa kuvumilia tangu utotoni, wanaona msuko usiouma haujasukwa. Kichwa kikiuma hadi mtu anameza dawa ya kutuliza maumivu ili alale, hilo ni onyo la mwili. Vipele vyenye usaha shinani ni onyo kubwa zaidi. Fumua zile zinazouma, usiku ule ule, usizibakize kwa kuionea uchungu hela uliyolipa. Na wewe kama fundi, mwambie mteja twisti za mstari wa mbele utazirudia baada ya wiki tatu kwa malipo madogo. Wapo watakaokubali, na ukingo wao utakuwa tangazo lako.

Msusi wa Mwanga:
Hilo la kurudia mstari wa mbele nimelipenda. Nitalianza.

—

Mama wa Kasulu:
Mwanangu, sisi huku tumezoea kupaka mawese kichwani. Naona vijana mnanunua mafuta ya chupa ndogo kwa bei kubwa na chikichi ziko uani. Unasemaje?

Mwanzisha uzi:
Shikamoo mama. Nafurahi umeuliza, maana tunakaa kwenye mkoa wa michikichi halafu tunahangaika.

Mawese mekundu kwenye nywele zilizo wazi kabla ya kuosha hayana neno. Yapake jioni, osha asubuhi kwa shampuu, yanalainisha. Kwenye twisti za rasta siyapendi: ni mazito, yanakaa juu ya rasta bila kwenda popote, yanashika vumbi, yanaacha rangi kwenye mto na kwenye kola, na shina linaanza kujifunga.

Mafuta ya mise, yale yanayotoka kwenye kiini cha ndani cha mbegu, hayo mama ni hazina. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, sawasawa na mafuta ya nazi. Utafiti uliofanyika India na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba mafuta ya nazi hupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, jambo ambalo mafuta ya alizeti na yale mazito ya madini hayakulifanya. Mise yana asidi ile ile kwa wingi ule ule. Yapake kwenye nywele zako usiku wa kuamkia siku ya kuosha, kabla hujasuka. Twisti zikishakaa kichwani, matone machache kwenye ncha za vidole, sugua ngozi kati ya maboksi mara moja au mbili kwa wiki. Yasimwagike.

Mama wa Kasulu:
Marahaba mwanangu. Mise tunayo tele, tulikuwa tunapeleka kwenye sabuni tu.

—

Mdau wa Kibirizi:
Mimi nakausha dagaa. Moshi, jua, harufu, mchanga. Twisti nitaziosha vipi zisioze?

Mwanzisha uzi:
Dada, kazi yako inahitaji kuosha, usisikilize anayesema twisti haziguswi na maji. Kila baada ya wiki mbili, au mapema kama kichwa kinawasha. Changanya shampuu na maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, mwagia ngozi kati ya mistari, sugua kwa nyama ya vidole, kucha zisiguse. Povu likishuka kwenye twisti linatosha kuziosha, usizifikiche. Suuza sana, malizia na yale maji ya siki.

Kisha zikamue kwa taulo moja moja, na ukae juani au kwenye upepo mpaka shina likauke. Osha asubuhi, usioshe jioni. Twisti zikilaliwa mbichi zinatoa harufu ya uvundo ambayo manukato hayaifuniki, na masika ndiyo balaa zaidi kwa kuwa jua halieleweki. Ukiwa kazini funga kitambaa chepesi, na kama umeoga ziwani, maji yale yale ya siki uyapitishe kichwani jioni.

Usiku vaa skafu ya satini. Khanga ya pamba inanyonya mafuta yote na kukwangua nywele za mbele kila unapogeuka. Khanga ivaliwe juu ya satini kama unapenda joto lake.

—

Baba wa Uvinza:
Habari zenu. Mimi ni baba, mama yao yuko safarini. Binti yangu ana miaka 7, likizo hii anataka twisti ndefu kama za shangazi yake. Ana mabaka ya duara kichwani, nywele zimekatika hapo, yanawasha. Jirani anasema msuko utayafunika.

Mwanzisha uzi:
Kaka, hongera kwa kumhangaikia mtoto, na tafadhali usimsuke kwa sasa. Mabaka ya duara yanayowasha na kukata nywele yanafanana sana na mashilingi. Ni fangasi, wanaambukizana kwa chanuo, kofia na kulala mto mmoja. Dawa ya kupaka peke yake mara nyingi haifiki kwenye mzizi wa unywele. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, na kipimo chake kinategemea uzito wake, kwa hiyo mpeleke kituo cha afya aonwe. Ukifunika kwa msuko, unaupa fangasi joto na unyevu, na msusi atausambaza kwa wengine kwa kitana chake. Chemsha au badilisha vitana vya nyumbani, na uwaangalie ndugu zake.

Akishapona, twisti za nywele zake mwenyewe bila rasta zinamtosha. Mtoto wa miaka 7 ana nywele laini, na rasta ndefu za mtu mzima zinamlemea. Kama lazima iwepo rasta, iwe fupi isiyopita mabega, chache, zikae wiki mbili. Shule nyingi za serikali zinataka nywele fupi, kwa hiyo likizo ikiisha zitatoka tu. Kwa hizo wiki chache haina haja ya kumuumiza.

Baba wa Uvinza:
Nimekuelewa dada. Kesho tunaenda.

—

Mdau wa Buzebazeba:
Nina nywele za dawa ya kunyoosha miaka mingi. Nimeweka dawa juzi, Jumamosi nataka twisti za Kisenegali mpaka kiunoni kwa ajili ya harusi. Naruhusiwa?

Mwanzisha uzi:
Mpenzi, subiri. Dawa inakata viungo vya ndani vinavyoupa unywele nguvu, na siku za mwanzo ngozi yenyewe bado ina michubuko hata kama huioni. Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake walichapisha mwaka 2008 utafiti wao juu ya wanafunzi wa kike na wanawake wa Afrika Kusini: hatari ya kupoteza nywele za ukingoni ilikuwa kubwa zaidi kwa wanaosuka au kuunga juu ya nywele zenye dawa kuliko kwa wenye nywele za asili. Na waliowahi kupata maumivu na vipele wakati wa kusukwa ndio waliokuwa hatarini zaidi.

Ipe nafasi ya wiki mbili au tatu. Harusi nenda na nywele zako zimebanwa chini, weka kilemba kizuri au ua. Na ukija kusokota, ziwe za mabegani, boksi kubwa, rasta nyepesi. Kiunoni na nywele za dawa havipatani.

—

Mdau wa Mwandiga:
Nimejifungua miezi mitatu iliyopita. Nywele zinatoka kwa mafungu nikichana. Nikisuka si zitaacha kutoka?

Mwanzisha uzi:
Hongera sana mama. Huko kutoka ni kawaida kati ya mwezi wa pili na wa nne baada ya kujifungua. Nywele ulizobaki nazo wakati wa ujauzito zinaachia kwa pamoja, halafu zinaota upya. Msuko hauzuii, na zikiwa kwenye hali hiyo, rasta zitaning'inia kwenye nywele zinazojiandaa kuondoka. Sokota zako bila rasta, kubwa kubwa, na kula vizuri, dagaa na mboga za majani. Rasta zingoje mpaka uone vinywele vipya vimejaa mbele.

—

Mdau wa Ujiji:
Jirani yangu, umesahau kufumua! Mimi nikifumua nalia. Nywele zinazotoka zinajaa kiganja, nahisi nimeharibu kila kitu.

Mwanzisha uzi:
Usilie jirani, tuhesabu pamoja. Mtu mzima hupoteza kati ya nywele 50 na 100 kila siku, hata asiyesuka. Ukiwa huru zinadondoka bafuni na kwenye kitana, huzioni. Ukiwa na twisti zinabaki zimeshikwa ndani. Wiki sita ni siku 42, kwa hiyo tarajia nywele kati ya 2,100 na 4,200 siku ya kufumua. Kiganja kijae tu, ni haki yake. Ziangalie: zilizoachia zenyewe ni ndefu na zina kidoti cheupe upande mmoja. Ukiona vipande vifupi vifupi visivyo na kidoti, hapo ndipo kuna kukatika, na chanzo ni ukavu au mkono wako wakati wa kuchana.

Zisikae zaidi ya wiki sita, nane ndiyo mwisho kabisa. Baada ya hapo shina limeota, twisti inaning'inia kwenye uzi mwembamba wa nywele na kuzunguka zunguka, na ndani yake nywele zilizoachia zinafungana na zilizo hai.

Kata rasta chini ya urefu wa nywele zako, pima vizuri kwanza. Fumua kwa vidole kutoka chini. Ukifika juu utakuta kijifundo cha kijivu cha vumbi, mafuta na nywele zilizoachia. Usikitie maji. Kikilowa kinajifunga na utalazimika kukikata. Paka mise au kondishena kikiwa kikavu, kitawanye kwa ncha za vidole, vuta nywele zilizokufa taratibu, kisha kitana kipite. Kila twisti uimalize hivyo kabla ya kwenda nyingine. Kichwa chote kikishachambuliwa ndipo uoshe.

Halafu pumzika wiki moja au mbili bila rasta, twisti zako mwenyewe au mistari ya kulegea. Ukipitisha vidole kwenye paji na hakuna panapouma wala pembe palipopungua, chukua tena rasta. Pakiwa pamepungua, ongeza mwezi, na msuko unaofuata mstari wa mbele uuache bila rasta kabisa. Zitachanganyika na za nyuma ukizilaza kwa jeli, hakuna atakayejua.

Mdau wa Ujiji:
Jumamosi nakuja na pakiti zangu. Nizilowekee kwangu au kwako?

Mwanzisha uzi:
Ziloweke kwako Ijumaa usiku, zije zimekauka. Na uje umeosha kichwa, umekifunga kwa uzi.